Kanyaruchinya: Klachi ikiungua juu ya mawe ya volkano, ukarabati huanzia uani

Kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kabla ya kufika Kibati, sauti ya pikipiki husema mengi kuliko anayeiendesha. Pikipiki nzima hupanda kwa mlio mmoja uliotulia. Ile iliyochoka klachi hunguruma kama inayokimbia, huku gurudumu la nyuma likizunguka polepole na abiria akishuka ili asaidie kusukuma.

Hapo ni Kanyaruchinya, katika wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, mkoani Kivu Kaskazini. Nyumba nyingi ni za mbao na mabati, zimesimama juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano. Ardhi hiyo haishiki maji, na maji ya kunywa ni shida ya miaka mingi. Madumu ya maji, magunia ya makala, kabichi na viazi kutoka upande wa Kibumba, wagonjwa wanaokimbizwa kituo cha afya: vyote hivyo hupita juu ya pikipiki.

Klachi ikiungua, kazi husimama siku hiyo hiyo. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki, ambao watu huwaita wamotari, hawamiliki chombo wanachokiendesha. Wana malipo ya kupeleka kwa mwenye pikipiki kabla ya kuhesabu cha kwao. Siku moja ya kulala ni deni, na siku tatu ni ugomvi.

Ndiyo sababu ukarabati wa klachi na injini mara nyingi hufanyika nyumbani, uani, juu ya kipande cha turubai. Si kazi ya ajabu. Inahitaji spana chache, mwanga wa mchana na utulivu. Lakini ikifanywa kwa haraka, klachi iliyokuwa imeungua peke yake inaweza kuondoka na injini nzima.

Barabara inayokula klachi

Klachi, ambayo wengi wa Goma huiita kwa jina la Kifaransa, ambreyaji, ni kiungo kati ya injini na gia. Injini ikishawaka haikomi kuzunguka, lakini gurudumu lazima liweze kusimama, kuanza taratibu na kubadilisha mwendo. Ndani ya pikipiki za sisi 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria karibu mji mzima, kazi hiyo hufanywa na pleti kadhaa zilizopangwa kama sahani kabatini. Pleti moja ina ngozi ya msuguano, inayofuata ni chuma kitupu, kisha ya msuguano tena. Springi huzikandamiza zishikane. Mwendeshaji akivuta mkono wa klachi, mkandamizo wa springi juu ya pleti unaondolewa, pleti zinaachana, na nguvu ya injini haifiki kwenye gurudumu.

Katika barabara ya lami, pleti hizo huteleza kwa sekunde chache tu wakati wa kuondoka. Juu ya lava ni tofauti. Mmotari aliyepakia watu wawili, au magunia mawili ya makala, hutafuta njia kati ya jiwe na jiwe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gia ya kwanza ni ya haraka mno kwa mwendo huo, hivyo anashika klachi nusu, dakika baada ya dakika. Pleti zinasuguana, oili inachemka, ngozi ya msuguano inaliwa.

Historia ya mawe hayo inajulikana kwa kila familia. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, ulilipuka mwaka 1977, kisha Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Jioni ya Mei 22, 2021 ulilipuka tena, ukateketeza maelfu ya nyumba katika wilaya hiyo na kuikata barabara hiyo ya Rutshuru. Njia hufunguliwa tena kila mara, lakini nje ya barabara kuu mtu huishi, hutembea na huendesha juu ya mawe makali. Vumbi lake halifanani na vumbi la udongo: ni chembe za mwamba, zenye kukwaruza kama msasa.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Kosa la kwanza ni kununua pleti kabla ya kujua ugonjwa. Klachi ina magonjwa mawili makubwa, na dalili zake ni kinyume.

La kwanza ni kuteleza. Mafuta yanaongezwa, injini inapandisha sauti, lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani na penye mzigo. Pleti hazishikani vya kutosha.

La pili ni kutoachia. Mkono wa klachi umevutwa hadi mwisho, lakini pikipiki bado inataka kwenda mbele, gia inaingia kwa kishindo, na kupata nyutro wakati imesimama ni kazi. Pleti haziachani.

Yote mawili yanaweza kusababishwa na waya wa klachi tu. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na nafasi ndogo ya kulegea mwanzoni, kwa pikipiki nyingi milimita 10 hadi 20 zikipimwa kwenye ncha yake, kabla waya haujaanza kuvuta. Nafasi hiyo ikikosekana, klachi inakuwa imeshikwa nusu muda wote hata mkono ukiwa umeachwa, na pleti zinaungua bila mwendeshaji kujua. Ikizidi, pleti haziachani sawasawa. Kurekebisha ni kuzungusha nati ya waya, kazi ya dakika tano isiyohitaji kipuri. Waya ulioanza kukatika nyuzi au uliokauka vumbi ndani ya mpira wake nao huleta dalili zile zile.

Sababu nyingine ni oili. Klachi ya pikipiki nyingi huishi ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Dawa hiyo ikiingia kwenye klachi ya pikipiki, pleti nzima zinaweza kuteleza kama zilizokwisha. Chupa ya oili iliyotengenezwa kwa pikipiki zenye klachi ya aina hii huwa na maandishi ya JASO MA.

Waya ukiwa sawa na oili ikiwa sahihi, na pikipiki bado inateleza, hapo ndipo injini inafunguliwa.

Kufungua kwa mpangilio

Oili hutolewa kwanza, injini ikiwa ya uvuguvugu, na yenyewe ni ushahidi. Ikinuka kama kitu kilichoungua na kuwa na chembe nyeusi laini, pleti za msuguano zimeliwa. Ikimetameta vipande vya chuma, tatizo limevuka klachi na fundi mwenye uzoefu zaidi anahitajika.

Oili hiyo chafu haifai kumwagwa uani. Mwamba wa lava una matundu, na kinachomwagwa juu hushuka chini. Dumu kuukuu linatosha kuihifadhi, na wapo wanaoitumia kupaka mbao za nyumba zisiliwe na wadudu.

Kifuniko cha klachi kwenye pikipiki nyingi kiko upande wa kulia. Kabla ya kukifikia, huondolewa kiki, na mara nyingi sehemu ya kukanyagia na breki ya mguu. Bolti zake huwa na urefu tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Bolti ndefu ikirudishwa kwenye tundu la bolti fupi, inaweza kupasua alumini. Mafundi waangalifu huchora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, hutoboa tundu kwa kila bolti, na kuichomeka mahali pake. Boksi hilo ndilo daftari la kazi.

Kifuniko kikitoka, gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa kitu kisichokata alumini. Kisha hulegezwa bolti za springi, kwa kawaida 4, kidogo kidogo na kwa mkato wa msalaba, ili sahani inayokandamiza pleti isipinde. Pleti hutolewa moja moja na kulazwa kwenye turubai kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kuanzia ya nje hadi ya ndani.

Kuna jambo jingine la kutazama wakati kifuniko kiko wazi. Pikipiki nyingi ndogo zina kichujio cha oili kwenye ncha ya krenki, kinachotupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Ndani yake hukusanyika tope jeusi gumu. Anayekifunga bila kukisafisha amefanya nusu ya kazi.

Petroli ya kuoshea vipuri inahitaji tahadhari. Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizosongamana, kopo la petroli karibu na jiko la makala au sigara linaweza kuunguza zaidi ya pikipiki moja. Kazi hiyo hufanywa mbali na jiko, na watoto wakiwa mbali.

Kupima, si kukisia

Pleti zikishakaa kwenye turubai, swali ni ipi imekufa na ipi bado ina siku. Jicho pekee hudanganya. Pleti ya msuguano ya pikipiki hizi ikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na ikipungua nusu milimita hivi, wakati wake umekwisha. Kiwango kamili hutajwa kwenye kitabu cha pikipiki husika. Kipimo cha kalipa ndicho kinachoamua.

Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo. Ikiwa pleti inacheza, imepinda kwa joto. Iliyogeuka rangi ya bluu imepikwa, na hata ikionekana nyoofu haiaminiki tena.

Springi hupangwa wima bega kwa bega. Iliyo fupi kuliko wenzake imechoka, na springi hubadilishwa zote kwa pamoja. Mara nyingine pleti huwa nzima kabisa na springi ndizo zilizolegea. Anayejua hilo hununua springi 4 na kurudi kazini. Asiyejua hununua klachi nzima.

Mwisho hutazamwa ngoma inayobeba pleti. Kwenye vidole vyake pleti huchimba vijishimo, na vikizidi kina, pleti hukwama humo na klachi haiachii. Vijishimo vidogo husawazishwa kwa tupa laini. Vikubwa havina dawa ila ngoma nyingine.

Kurudisha

Pleti mpya za msuguano haziingii kavu. Hulowekwa kwenye oili safi, ikiwezekana usiku kucha. Pleti kavu ikipata moto wa mara ya kwanza inaweza kuungua kabla haijafanya kazi ya siku moja.

Mpangilio ni wa zamu: msuguano, chuma, msuguano, na kwa injini nyingi hizi huanza na kuishia na pleti ya msuguano. Bolti za springi hukazwa kwa msalaba, awamu mbili au tatu, hadi zikae bila kulazimishwa. Nguzo zinazoshika bolti hizo ni za alumini na huvunjika upesi mikononi mwa anayetaka kuonyesha nguvu.

Gasketi mpya ni bora. Inapokosekana, wengi hukata ya karatasi ngumu ya gasketi kwa kufuata umbo la kifuniko. Silikoni ikitumika, iwe nyembamba. Inayobinywa kwa wingi hutokeza ndani, hukatika, huelea kwenye oili na kuziba njia zake. Injini iliyozibwa njia ya oili haitoi onyo la pili.

Moshi ukitoka

Katika Kanyaruchinya klachi haifi peke yake mara zote. Vumbi lile lile la lava huingia kwenye injini kupitia chujio la hewa, na chujio likitolewa kwa kudhani kwamba pikipiki itapata nguvu, chembe za mwamba huingia moja kwa moja kwenye silinda. Pistoni na ringi zake hukwaruzwa hadi oili ianze kupenya.

Rangi ya moshi ni taarifa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi zimeisha, au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na chujio chafu ni mshukiwa wa kwanza. Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na Kanyaruchinya iko juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi kidogo. Kabureta iliyofunguliwa ovyo hudhihirika haraka.

Kufungua kichwa cha injini ni hatua nzito kuliko klachi, lakini hufuata nidhamu ile ile. Kwenye injini yenye mnyororo wa taimingi, alama ya T hulinganishwa kabla mnyororo haujaguswa. Mdomo wa chini wa injini huzibwa kwa kitambaa safi kabla ya kutoa kishikizo cha pini ya pistoni, kwa sababu kishikizo hicho huruka, na kikidondokea ndani, injini nzima itabidi ipasuliwe kukitafuta. Pistoni ina alama ya upande wa kuelekea. Ringi zina uso wa juu na wa chini, na mianya yake hupangwa isikae kwenye mstari mmoja. Nati za kichwa hukazwa kwa msalaba. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kwa nyingi za aina hii kati ya milimita 0.05 na 0.10.

Mwenye pikipiki anayefuata hatua hizo huona mapema kama silinda inahitaji kuchongwa. Kazi hiyo haifanyiki uani. Inahitaji mashine ya karakana, na kujua mpaka huo ni sehemu ya ufundi.

Vipuri, vita na pesa

Kwa nini watu wafungue injini wenyewe wakati karakana zipo mjini? Sehemu ya jibu iko kwenye historia ya karibuni. Kanyaruchinya imepokea wakimbizi wa ndani kwa mawimbi. Kambi yake ilisambaratika Novemba 2012, wakati waasi wa M23 walipoingia Goma. Ilijaa tena mwaka 2022, mapigano yaliporudi Rutshuru. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliiteka Goma kwa mara nyingine, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Uwanja wa ndege ukafungwa, na benki nazo zikafunga milango.

Kwa fundi na mmotari, maana yake ni fedha taslimu chache mkononi na abiria wanaohesabu kila faranga. Kipuri hufika kwa barabara, kupitia mpaka wa Rwanda au njia ya Bunagana kutoka Uganda, na hubeba gharama ya safari yote. Katika hali hiyo, tofauti kati ya kubadilisha waya, kubadilisha springi na kubadilisha klachi nzima ni tofauti kati ya chakula na deni.

Bei nafuu nayo ina mtego wake. Pleti duni huwa na ngozi iliyobandikwa vibaya, na ngozi hiyo ikibanduka hutembea ndani ya oili na kuziba njia kama silikoni. Kabla ya kulipa, pleti mpya inawekwa juu ya ile ya zamani: meno yawe sawa, kipenyo sawa, na ngozi isiinuke kwa ukucha.

Maarifa hayo hayaishii kwenye pikipiki. Jenereta ndogo, injini ya kinu cha mahindi, pampu ya maji na mashine ya begani ya kukatia majani zote zina pistoni, ringi na chujio la hewa. Mashine ya majani ina klachi yake pia, tena isiyo na waya. Viatu viwili vidogo husukumwa nje na kasi ya injini hadi vishike ngoma. Springi yao ikikatika, kisu huzunguka hata injini ikiwa imepunguzwa, na hilo ni hatari kwa miguu ya anayeishika. Aliyejifunza kupanga vipuri kwenye boksi kwa pikipiki ataifungua mashine hiyo bila hofu.

Siku ya kwanza barabarani

Baada ya kufunga, oili mpya hutiwa hadi kiwango chake, na nafasi ya mkono wa klachi hupimwa upya. Injini huachwa ipate joto bila kusukumwa. Safari ya kwanza ni fupi na bila abiria, kwenye sehemu tambarare: gia zote ziingizwe, kisha pikipiki isimamishwe na nyutro itafutwe. Chini ya kifuniko hutazamwa kama kuna tone la oili. Kesho yake waya hurekebishwa tena, kwa sababu pleti mpya hukaa sawa baada ya kazi kidogo.

Namna ya kuendesha nayo huamua pleti hizo zitadumu kiasi gani. Penye mwinuko mkali na mawe, abiria mmoja kushuka kwa mita hamsini huigharimu klachi kidogo kuliko kumpandisha kwa klachi nusu. Mkono usiegemezwe kwenye klachi wakati wa mwendo. Kwenye foleni, nyutro ni bora kuliko gia ya kwanza iliyoshikiliwa.

Kabla ya haya yote, hata hivyo, kuna lile boksi lenye matundu. Pikipiki ikishafungwa, boksi linatakiwa kuwa tupu. Likibaki na kitu, hata washa moja ndogo isiyojulikana ilikotoka, kiki haipigwi. Kifuniko kinafunguliwa tena, jua likiwa bado lipo.